Nilivyomshikia Kilonzo Kamba

Mume wangu alikufa kitandani, mchana, ameshiba uji, na mimi nimeketi pale pale kando yake nikichambua ndengu. Nawaambia mapema ili msikae mkingoja nimzike kisimani. Wenzake wengi wa kazi ile hawakufa hivyo. Kilonzo wangu alichimba visima kuanzia kwetu Makueni hadi kule juu Kyuso, akazeeka, akang'oka meno, akafa kama mkulima yeyote. Watu husema alikuwa na bahati. Mimi nasema ilikuwa kazi, na nusu ya kazi hiyo niliifanya mimi.

Nyinyi vijana mnaochimba kwa mashine, mnaofika na lori lenye mnara mgongoni, mnatoboa ardhi na jioni mnachoma mbuzi, siwaonei wivu. Mashine ni nzuri. Ingekuwako siku zetu, mgongo wangu ungekuwa bado umenyooka. Ila mjukuu wangu mmoja aliye na hao watu wa mashine aliniuliza juzi: "Susu, babu alikuwa anachimba, sawa. Wewe ulikuwa unafanya nini hasa?"

Nikacheka kwanza, halafu nikakasirika. Kijana mzima, amekula jasho la kamba ile tangu azaliwe, hajui nyanya yake alikuwa anafanya nini! Nikamwambia, keti chini. Na nyinyi wengine ketini.

Kisima chetu kilikuwa hivi. Juu ya mdomo wa shimo unasimamisha miti miwili yenye panda, mmoja huku, mmoja kule. Juu yake unalaza gogo, na kwenye gogo unazungusha kamba ya mkonge. Gogo lina mpini. Anayeshika mpini ndiye anayepandisha udongo, ndiye anayeteremsha maji ya kunywa, na ndiye anayemteremsha mtu asubuhi na kumpandisha jioni. Aliye chini akitikisa kamba kidogo, unapandisha ndoo. Akiitikisa bila kuacha, unapandisha mtu, na hapo usimuulize mtu chochote, vuta. Mimi nilishika mpini huo tangu Uhuru ukiwa bado mpya hadi watoto wangu wa mwisho wakawa na watoto wao.

Hata kuolewa niliolewa kwa sababu ya kamba. Nilikuwa sokoni, mji wa Wote, na fahali wa baba yangu, mnyama mwenye kichwa kigumu kuliko mwenyewe. Akagoma. Wasichana wengine wangemvuta mpaka walie. Mimi nikaipitisha kamba kwenye nguzo, nikaegemea nyuma, nikawa namlegezea kidogo, nakaza, namlegezea, nakaza, mpaka akachoka na ujinga wake. Kumbe kuna kijana amesimama pale, nguo zote zimejaa udongo mweupe, ananitazama. Akaja akasema, "Hebu nione mikono."

Nilidhani ni namna ya kutongoza. Nikamnyooshea kwa maringo. Akaigeuza, akaangalia viganja, akatingisha kichwa, akaenda zake. Wiki hiyo hiyo wazee wake wakafika kwa baba. Miaka mingi baadaye nikamuuliza, "Kwani macho yangu hukuyaona?" Akasema, "Niliyaona baadaye. Yako sawa."

Huyo ndiye Kilonzo. Ukitaka maneno matamu, ungeenda nyumba nyingine.

Kazi alifundishwa na mzee mmoja anaitwa Muli, mtu mfupi, mkali, asiyecheka. Mzee Muli alikuwa amezaliwa ndugu watatu, wote wachimbaji. Mmoja aliteremka kisimani kulipokuwa na hewa mbaya, akaanguka. Wa pili akaona ndugu yake amelala chini, akaruka kumtoa, naye akalala juu yake. Muli alikuwa ameenda kuleta kamba nyingine, na ndiyo maana aliishi. Kwa hivyo kila aliyefundishwa na yeye alipewa masharti mawili, na ukiyavunja anakufukuza. La kwanza, mtu akianguka chini, wa pili hashuki mpaka hewa ibadilike, hata kama aliyeanguka ni nani. La pili, usishuke ikiwa wewe na mshika kamba mna kinyongo. Mmalizane kwanza pale juu, ndipo ushuke.

Sharti hilo la pili, jamani, lilitutia aibu kila mahali tulipoenda.

Mimi ni mtu wa maneno, mnanijua. Na mume na mke hawakosi jambo. Basi asubuhi tunafika kazini, mwenye kisima anatungoja, na Kilonzo anakataa kujifunga kamba. Anaketi ukingoni. "Mama Mwangangi, jana ulilala umenuna. Sema." Nami nikianza kusema, sikuachi. Nitasema mambo ya mama yake. Nitasema ya sukari, maana alikuwa akitia sukari kwenye chai mpaka kijiko kinasimama. Atajibu, nitajibu, jua linapanda. Kule Kyuso wanawake wa kijiji waligundua mchezo huo, wakawa wanakuja mapema na vigoda vyao, wanasuka viondo wakisikiliza kesi. Mmoja akaniambia, "Mama, leo hapo umemweza, lakini hilo la mama mkwe wako, hapana, umekosea." Kilonzo wangu, shemasi wa kanisa, anaanikwa hivyo mbele za watu! Lakini hakushuka hata siku moja kabla sijasema, "Haya, yameisha. Shuka."

Sikatai kuwa tulifanya makosa. Siku moja niko katikati ya kumpandisha, shangazi yangu akapita, sikuwa nimemwona tangu arusi. Salamu za Kikamba mnazijua, hazina haraka. Nikaufunga mpini, nikamsalimia, nikauliza mbuzi, nikauliza watoto, nikauliza mvua ya kwao. Kilonzo akaning'inia katikati ya shimo, haendi juu haendi chini.  Kesho yake asubuhi yeye ndiye alikuwa na kesi, na niliisikiliza yote kimya, maana alikuwa na haki.

Na nyumbani alikuwaje? Alikuwa anapiga kelele. Si kwa ubaya. Mtu akishinda shimoni akizungumza na watu walio juu, koo lake linazoea. Akisema "nipitishie chumvi," jirani anainua kichwa. Watoto wetu watatu walikua wakidhani baba wote husema hivyo. Alikuwa pia mwoga wa kupanda juu. Mtu anayeingia ardhini kama fuko hawezi kupanda ngazi kupigilia bati! Mvua ikivujisha paa, mimi ndiye nilikuwa napanda, na yeye amesimama chini ameshikilia ngazi, macho amefumba, akisema, "Umeshuka? Umeshuka?"

Wasichana wetu wawili aliwaletea udongo wa mfinyanzi kutoka chini kabisa, laini, wa kijivu, anaufunga kwenye majani ili usikauke. Akawa anawafinyangia ng'ombe na mtungi na kasisi. Na hakumshika mtoto kabla hajaoga na kubadilisha shati, maana vumbi la mawe hakulipenda liingie nyumbani. Alilijua vumbi hilo. Lilikuwa limeanza kumkaa kifuani.

Sasa nisikilizeni, hapa ndipo nilikuwa nakuja.

Miaka ya themanini kulikuwa na ukame uliotukaba. Bwana Abdi, mfanyabiashara wa mifugo aliyekuwa na maduka pale Mwingi, alituita tumchimbie kisima kwenye njia ya Nuu, mahali ng'ombe zake zilipopumzika kabla ya mnada. Mwangangi, kifungua mimba wetu, alikuwa nasi. Alikuwa mtu mzima, ndevu zimetoka, amemaliza shule, na alichokipenda duniani ni injini. Tulikuwa tumefika kwenye maji, lakini yalikuwa machache, mwamba bado ulitaka kupasuliwa. Kila asubuhi maji yanakuwa yamejaa pale baba yake anapotaka kusimama, tunayachota kwa ndoo mpaka mikono yangu inakufa ganzi. Mwangangi akaona hiyo si kazi ya binadamu. Akaenda Mwingi akaazima pampu ya petroli.

"Nau," akamwambia baba yake, "hii itayamaliza maji ukinywa chai."

Kilonzo akaizunguka ile pampu, akainusa. "Injini ikae juu," akasema. "Moshi wake sitaki uingie shimoni. Umesikia?"

"Nimesikia, nau."

Akabeba tindo zake zilizokuwa butu, akaenda kwa mhunzi kuzinoa.

Shida ni kwamba kisima kikiwa kirefu, pampu iliyo juu haivuti. Nyinyi mmesomea, mnajua sababu. Mwangangi alijaribu, ikakohoa tu. Nami nilikuwa mbali kidogo, nyuma ya kichaka, nachemsha muthokoi, mahindi yetu ya kukoboa. Yeye na wachungaji wawili wa Bwana Abdi wakaiwasha, wakaifunga kamba, wakaiteremsha ikinguruma mpaka karibu na maji. Na maji yakapanda kweli! Nilisikia wachungaji wakishangilia, ng'ombe zikalia kwa furaha. Nikasema moyoni, huyu mtoto wangu ana akili. Kisha injini ikanyamaza.

Mwangangi akataka kwenda kuangalia. Hakujifunga. Alikanyaga ndoo, akashika kamba kwa mikono, wakamteremsha. Niliposikia wanaita jina lake na wanaliita tena, niliacha chungu nikakimbia.

Kilonzo alifika pamoja nami, tindo ziko begani. Akalala kifudifudi kwenye mdomo wa shimo, akatazama. Katikati kuelekea chini tulikuwa tumeacha jiwe limetokeza, la mtu kupumzikia. Akasema, "Yuko kwenye jiwe. Hajafika chini." Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. Akaagiza koroboi iwashwe, akaifunga kamba nyembamba, akaiteremsha. Haikufika mbali, ikazimika kama mtu ameipuliza.

"Shuka," nikamwambia.

 Akawaambia wachungaji, "Kateni matawi. Yenye majani mengi. Mbio."

"Baba Mwangangi, shuka! Mtoto anakufa!"

"Sishuki."

Jamani, nilimpiga. Nilimpiga mgongoni kwa ngumi zote mbili huku ameinama anafunga matawi mzigo mmoja. Nilimwita mwoga. Nikamwambia si baba, baba gani huyu, hata kuku humrukia mwewe. Nikachukua kamba nijifunge mwenyewe, akasema tu, "Mshikeni mama," na mchungaji mmoja akanikumbatia kutoka nyuma, naye analia kama mimi. Yule mwingine akasema, "Mzee, niache nishuke mimi." Kilonzo akamwambia, "Ukishuka nitawatoa wawili." Akaushusha ule mzigo wa matawi mpaka ndani, akaupandisha, akaushusha, akaupandisha, hewa ya chini ije juu, ya juu iende chini. Akaniambia hata mimi, nikiwa nimeshikwa, "Maji. Nyunyizieni maji kwa ndoo, yaanguke kama mvua." Mchungaji akaniachilia akamwaga maji. Nami nikamwaga, nikimtukana mume wangu kila ndoo.

Koroboi ikashuka tena. Ikazimika tena. Nikakaa chini kwenye udongo. Kilonzo akarudi kwenye matawi. Sijui ilichukua muda gani, mtu asiniulize. Jasho lilikuwa limemlowesha mpaka viatu, anakohoa, na hakupunguza mwendo wala hakuongeza. Alipoteremsha taa tena, ilicheza, ikalala upande, ikasimama. Ikakaa ikiwaka pale pale kando ya mtoto wangu.

Hapo ndipo alipojifunga. Mchungaji akauwahi mpini, mwanaume mwenye mikono kama magogo. Kilonzo akamwambia, "Hapana. Yeye."

"Mzee, mama amekasirika."

"Najua." Akanitazama. Ndiyo mara ya kwanza ananitazama tangu afike. "Leo hatuna wakati wa kesi, Mama Mwangangi. Nitashuka na hasira zako hivyo hivyo. Shika."

Nikasimama nikashika. Nilimchukia mtu huyo wakati ule, kwa moyo wote, na sikuiacha kamba iteleze hata kidogo. Akafika kwenye jiwe. Akamfunga Mwangangi, akatikisa kamba bila kuacha, tukavuta sote watatu. Mwanangu akatoka rangi ya jivu, mdomo una povu, lakini kifua kilikuwa kinainuka. Tukamvuta na baba yake. Bwana Abdi akaleta lori lake la ng'ombe, tukamlaza juu ya magunia, mpaka hospitali ya Mwingi.

Alifungua macho kesho yake. Neno la kwanza, mnajua alisema nini? "Pampu iko wapi?" Haki ya Mungu, nilitaka kumzaba kofi pale kitandani. Kichwa kilimuuma miezi mingi, na hadi leo akichoka husahau majina ya watu. Lakini yuko hai, yuko Wote, anauza matangi ya plastiki, ana kitambi. Kisima hataki hata kukisikia.

Lakini mimi na baba yake tulikuwa bado. Mtoto amepona, tumerudi nyumbani, na mimi simsemeshi. Namwekea chakula, naondoka. Mnaweza kusema nilikuwa mjinga, kwani alichofanya ndicho kilichomwokoa mtoto. Nilijua! Nilijua siku ile ile. Kilichokuwa kinanikaa kooni ni ile sauti ya kawaida. Mtoto amelala kwenye jiwe na mtu anasema "kateni matawi" kama anaagiza chai. Nikawa najiuliza, nimelala na mtu gani miaka yote hii? Ana moyo, au kifua chake kimejaa mawe? Na leo mkiniuliza, nitawaambia ningemtukana tena.

Kwa sababu simsemeshi, hashuki. Na kwa sababu hashuki, kisima cha Nuu kimesimama nusu, na ng'ombe za watu zina kiu. Bwana Abdi akaja mpaka kwetu. Akaketi, akanywa chai, akaulizia afya ya Mwangangi, akazunguka weee, mwisho akasema, "Mama, wallahi mimi sitaki kuingia nyumba ya mtu. Lakini wewe ukinuna, ng'ombe zangu zinakufa. Mtukane mzee mbele yangu, mpige hata, mimi nitashuhudia, halafu mmalize."

Kilonzo alikuwa ameketi mlangoni. Nikacheka bila kupenda, na nilipocheka, machozi yakaja. Bwana Abdi ni mtu wa heshima, alitoka nje akaenda kutazama mbuzi wetu, ambao hawakuwa na lolote la kutazamwa.

Nikamuuliza Kilonzo, "Uliwezaje kusimama pale? Niambie. Mimi nilikuwa nakufa, wewe unapandisha matawi. Huna moyo?"

 Akasema, kwa sauti ya chini ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Niliweza kwa sababu wewe ulikuwa juu. Ulikuwa unalia, nikajua kuna mtu anayelia. Mimi nikabaki na matawi."

Akajifuta uso.

"Lakini usije ukashuka kisimani hata siku moja, Mama Mwangangi. Hata kwa mchezo. Ungekuwa wewe kwenye lile jiwe, ya Mzee Muli ningeyasahau yote. Ningeruka na viatu vyangu. Na hawa watoto wangebaki bila mtu."

  Nilitoka nje nikamwambia Bwana Abdi aende akatangulie, na asubuhi iliyofuata, kwenye njia ya Nuu, nilimfunga mume wangu kamba kiunoni kwa mikono yangu, nikavuta fundo kuona kama limekaza, nikamwambia, "Haya. Shuka."